Watu wa Kujitolea: Namna ya Kuwapata na Kuwatunza

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa jepesi, kumbe lina uzito wake: jinsi chama kidogo cha kusaidia watu kiwezavyo kupata watu wa kujitolea, na kikisha kuwapata, jinsi ya kuwaongoza vema hata kazi isianguke.

Mfano wetu tutauchukua Malangali, kata mojawapo ya mji wa Sumbawanga, katika nchi ya juu ya Ufipa. Nchi hii imeinuka kama futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hata Aprili, na baridi ya Juni na Julai humfanya mtu asitake kuondoka mekoni. Hatutaji mvua na baridi kwa kuyapamba maneno. Mtaona punde kwamba hata majira ya mwaka yana sehemu yake katika habari hizi.

Kosa letu

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa, maana mwalimu asiyesema alikoteleza hawafai wanafunzi wake. Zamani kidogo tulikuwa katika chama kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja jina, kilichoanzishwa ili kuwatazama wazee wasio na watu. Siku ya mkutano wa kwanza mwenyekiti alisimama akauliza, "Nani yu tayari kusaidia?" Mikono tisa ikainuliwa, watu wakapiga makofi, nasi tukaenda zetu tukiwa na furaha nyingi. Hatukuandika majina. Hatukusema nani aende kwa nani, wala siku gani, wala kwa muda gani.

Miongoni mwa wazee hao alikuwako bibi mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu. Kabla hatujaja sisi, mtoto wa jirani alikuwa akimletea ndoo ya maji kila jioni. Tulipofika na ahadi zetu, yule jirani akasema moyoni, "Sasa bibi ana chama," akamtuma mtoto wake kazi nyingine. Kwa muda wa majuma sita mambo yalikwenda sawa. Kisha mavuno yakaingia. Kila mmoja wa wale tisa akaenda shambani kwake, akiamini ya kuwa wanane waliosalia wako. Siku ya tano mpita njia alisikia sauti dhaifu ndani ya nyumba. Akaingia, akamkuta bibi hana maji, hana moto, na midomo imemkauka.

Kwa rehema ya Mungu hakufa. Lakini tulipokwenda kumwomba radhi alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Wanangu, heri msingalikuja. Yule mtoto angaliendelea kuniletea maji."

Basi hili ndilo jambo tunalotaka kila mwenye chama alishike kabla ya mengine yote. Msaada ulioahidiwa usitimizwe haulingani na kutosaidia. Ni mbaya zaidi. Ahadi ya chama huusogeza kando msaada mdogo uliokuwako tangu mwanzo, na chama kikianguka, hakuna kinachorudi mahali pake kwa upesi. Kwa hiyo kuwaongoza vema watu wa kujitolea si urembo wa chama, wala si kazi ya makarani tu. Ni jambo la uhai wa watu.

Shamba latufundisha nini

Watu wengine husema kwamba kujitolea ni desturi ya kigeni iliyoletwa na vyama vya wageni. Sivyo hata kidogo. Ufipa, kama mahali pengi pa Afrika ya Mashariki, watu wamezoea tangu zamani kuitana kwa kazi. Wafipa wanajulikana kwa kilimo chao cha matuta ya mviringo: mvua zikielekea mwisho, mkulima hukata nyasi na kuzifunika kwa udongo, nazo huoza chini yake zikawa mbolea, msimu ufuatao tuta hutandazwa na mbegu hupandwa. Kazi hiyo yamchosha mtu mmoja. Kwa hiyo mwenye shamba alipika pombe na chakula, akawaita jirani zake, wakalima pamoja. Na siku nyingine naye akaenda kwao.

Tuitazame kazi hiyo kwa makini, maana ndani yake mna mambo manne yaliyoifanya ifaulu. Kwanza, kazi ilijulikana: kila mtu aliliona shamba kwa macho yake, akajua jembe lake litaanzia wapi. Pili, kazi ilikuwa na mwisho: jua likishuka, watu waliacha. Tatu, mwenye kuita alikuwa amejiandaa: pombe ilikuwa imekwisha kuiva kabla ya watu kufika. Nne, aliyekuja alionekana na kukumbukwa, na asiyekuja alionekana vilevile.

Sasa utazameni mkutano wetu sisi. Kazi haikujulikana; haikuwa na mwisho; hatukuandaa kitu; wala hapana aliyejua nani amekwenda na nani hakwenda. Tena mzee asiyejiweza hawezi kuja kesho kulima shambani kwako. Je, ni ajabu mambo yakiharibika? Watu wetu tisa hawakuwa wabaya. Mpango ndio uliokuwa mbaya. Mambo manne ambayo shamba huyaleta lenyewe, chama hakina budi kuyatengeneza kwa mikono yake, na maneno yetu yaliyosalia yatafuata njia hiyo.

Kazi ijulikane kwanza

Kabla ya kumwita mtu yeyote, wakuu wa chama waketi waandike kila kazi katika mistari minne: ni kazi gani, ni kwa ajili ya nani, ni siku gani na saa ngapi, na itaendelea muda gani. Mathalani: "Kumchotea bibi maji na kumpasulia kuni; Jumanne na Ijumaa jioni; muda wa saa moja; kwa miezi mitatu." Ikiwa hamwezi kuyaandika hayo, basi hamjawa tayari kuita watu.

Tena ulizeni swali hili: "Ni nani anayemsaidia mtu huyu sasa?" Sisi hatukuliuliza. Kama tungaliuliza, tungalimwona yule mtoto wa jirani, na labda kazi yetu ingalikuwa ndogo kuliko tulivyodhani: kumpa mtoto yule ndoo nzuri, kumshukuru mama yake, na kushika zile siku ambazo yeye hawezi kuja. Chama chenye busara hujenga juu ya msingi uliokwisha kuwapo.

Kisha tazameni majira. Mvua za kwanza zikinyesha, watu wa Malangali wenye mashamba wamo katika kupanda na kupalilia. Mwezi wa Mei na wa Juni wengi wamo katika mavuno. Katika miezi hiyo msimwombe mkulima siku tatu kwa juma. Mwombeni moja, na zamu nyingi zichukuliwe na wale ambao riziki yao haitegemei sana jembe: mwenye duka, fundi wa cherehani, mwalimu aliyestaafu. Kazi kubwa kama kufyatua matofali au kuezeka nyumba ya mjane zingojee Agosti na Septemba, nchi ikiwa kavu na ghala ina chakula. Mpango usiojali majira utavunjwa na majira.

Namna ya kuwaita

Mkutano wa hadhara wafaa kwa kutangaza habari, lakini haufai kwa kupata watu. Mtu huinua mkono kwa sababu jirani yake ameinua, au kwa sababu mtendaji wa kata anamtazama. Mkono ulioinuliwa kwa haya hushuka upesi.

Njia bora ni kumwendea mtu mmoja mmoja nyumbani kwake. Keti, ulizana hali naye, kisha mwambie kwa nini umemjia yeye na si mwingine: "Mama, tuliona ulivyomtazama mkweo katika ugonjwa wake, una subira ambayo wengi wetu hatuna." Mweleze kazi kama ilivyoandikwa, pamoja na ugumu wake. Usimfiche kwamba mzee yule ni mkali, au kwamba njia ina matope wakati wa mvua. Halafu mpe siku tatu afikiri, na akikataa, mshukuru kwa moyo mweupe. "Hapana" ya leo ni heri kuliko "ndiyo" itakayovunjika katikati ya mavuno.

Waulizwe pia sababu zao za kuja. Mmoja ataka thawabu kwa Mungu. Mwingine amefiwa na nyumba imekuwa kimya. Kijana aliyemaliza shule ataka kujifunza kazi na kupata barua ya kumshuhudia. Sababu zote hizi ni halali, wala haifai kumcheka mtu kwa ajili yake. Lakini lazima mzijue, ili kila mtu apate kile alichokijia. Kijana mpeni barua yake kwa haki mwisho wa muda. Ila msimpe tumaini la ajira ambayo haipo. Huo ni udanganyifu, hata ukisemwa kwa tabasamu.

Si kila ajaye apokewe. Neno hili ni chungu, maana chama kidogo kina njaa ya watu. Hata hivyo wanaosaidiwa ni dhaifu, na mahali penye dhaifu hapakosi mtu wa kuwavizia. Kila mtu mpya ashuhudiwe na watu wawili wanaomjua, wasiokuwa jamaa zake. Afanye kazi mwezi mmoja pamoja na mzoefu kabla ya kukubaliwa kabisa. Ikiwa kazi ni ya watoto, asiachwe peke yake na mtoto mahali pa siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na jamii nzima ina wajibu wa kumlinda. Ikiwa kazi ni ya wazee, asiwepo mtu mmoja ashikaye fedha za mzee peke yake. Mtu mwema hataona vibaya kanuni hizi. Huzipenda, kwa sababu zamkinga naye na masingizio.

Moyo mwema bila mafunzo

Mwezi wa Juni 1859 palikuwa na vita vikubwa mahali panapoitwa Solferino, katika nchi ya Italia. Bwana mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alipita huko akaona majeruhi maelfu wamelala bila wa kuwatazama. Wenyeji wa mji wa karibu, hasa wanawake, walijitolea kwa moyo wote pamoja naye. Lakini Dunant aliona kwamba huruma iliyokurupuka siku ile ile haikutosha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1862 alishauri kwamba vyama vya watu wa kujitolea viundwe na kufundishwa wakati wa amani, kabla ya haja kufika. Shauri hilo ndilo lililozaa Msalaba Mwekundu, ambao hapa Tanzania chama chake kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1962.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hata Italia. Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa, alikaa tabibu Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na wamisionari. Kabla ya kutumwa Karema alifundishwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Kisha aliwatumikia wagonjwa wa pande hizo tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hata kufa kwake mwaka 1956. Watu husifu moyo wake, nao wanastahili kuusifu. Sisi twaongeza jambo moja: moyo ule ulipewa mafunzo kwanza, na mafunzo ndiyo yaliyouwezesha kudumu.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi watu wa redio. Mwaka 1973 palifanywa Tanzania kampeni iitwayo "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakashauriana juu ya malaria, vyoo, maji na magonjwa mengine. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla ya matangazo kuanza. Kampeni ilidumu majuma 12. Mmeona? Kazi ilijulikana, kwa kuwa kila juma lilikuwa na somo lake. Ilikuwa na mwisho. Vitabu viliandaliwa mapema. Na matokeo yalionekana kijijini, kwa kuwa choo kikichimbwa kila mtu hukiona. Mambo manne ya shambani yamerudi tena.

Chama cha watu kumi na wawili hakihitaji mafunzo makubwa. Siku mbili zatosha kwa kuanza: jinsi ya kumwinua mtu asiyeweza kusimama bila kumwumiza wala kujiumiza mgongo, jinsi ya kunawa mikono kabla na baada ya kumhudumia mgonjwa, dalili zipi zahitaji mtu akimbizwe hospitali, na maneno gani hayafai kusemwa mbele ya mzee. Mwombeni muuguzi wa zahanati iliyo karibu awafundishe. Wapeni vifaa pia: sabuni, glavu, na koti la mvua. Mtu akitumwa bila vifaa ataona kwamba chama hakimjali, na kusema kweli hatakosea.

Kuongoza ni kutembelea

Waswahili husema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Kila mtu wa kujitolea awe na msimamizi mmoja anayemjua kwa jina, ambaye atamwendea akipata shida. Msimamizi mmoja asiwe na watu zaidi ya wanane au kumi. Akiwa na zaidi ya hapo hatawatembelea, na asiyetembelea haongozi. Atasikia habari tu.

Liwepo daftari moja la zamu. Ukurasa mmoja kwa kila mtu anayesaidiwa: tarehe, aliyekuja, kazi iliyofanyika, jambo la kuangaliwa. Daftari likae nyumbani kwa mzee mwenyewe, si kwa katibu, ili kila ajaye aone aliyetangulia aliacha nini. Jumamosi msimamizi apite asome. Akiona siku mbili hazina jina, jioni ile ile aende kuuliza, si kwa ukali, bali kwa kutaka kujua. Mara nyingi atakuta mtu anaumwa, au amefiwa, na huenda yeye ndiye sasa ahitajiye kusaidiwa.

Wawekeni wawili wawili. Mtu mmoja akikwama, mwenzake yuko. Na wakiwa wawili wanaonana, wanatiana moyo. Kila mmoja apewe amri moja isiyo na shaka: "Usipoweza kwenda, si kosa. Kosa ni kutokusema." Ampigie mwenzake simu, na mwenzake akikosekana, ampigie msimamizi. Kama sisi tungalikuwa na kanuni hiyo moja tu, bibi yule asingalikaa siku tano bila maji.

Mara moja kwa mwezi wote wakutane, si kwa kuhutubiwa, bali kwa kusema waliyoyaona. Watu walio nyumbani mwa wazee kila juma hujua mambo ambayo mwenyekiti hayajui. Asiyesikilizwa huchoka kabla ya mikono yake kuchoka. Tena waonyeshwe matunda ya kazi yao. Mkoani Iringa, tangu mwaka 1983, palikuwa na mpango wa lishe ulioanza katika vijiji 168. Wahudumu wa afya wa vijiji waliwapima watoto uzito kila baada ya miezi mitatu, na hesabu zake zikajadiliwa kijijini pale pale. Katika muda wa miaka michache utapiamlo mkali ulipungua kutoka karibu watoto 6 katika kila 100 hata karibu 2. Mwenye kupima aliyaona mabadiliko kwa macho yake, na kuona huko ni chakula cha moyo.

Habari za fedha

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haifai kuitumia kama kisingizio cha kumfilisi mwenye moyo. Atoaye saa zake bure asitoe na nauli yake. Ikiwa nyumba ya mzee iko mbali, chama kimlipe nauli, au kimpe baiskeli ya zamu. Akinunua dawa ya mzee, arudishiwe fedha yake juma lile lile, kwa kuonyesha stakabadhi. Ikiwa chama hakina fedha hizo, basi kipunguze idadi ya wazee kitakaowatazama, maana kulisha mmoja kwa hakika ni bora kuliko kuwaahidi watano kwa mashaka.

Hesabu zisomwe waziwazi mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu, hata zikiwa za shilingi chache. Mtu wa kujitolea akianza kushuku kwamba kuna anayekula kwa jasho lake, hatagombana nawe, atanyamaza, asirudi. Kadhalika chama kisajiliwe kwa njia ya haki. Ofisa Maendeleo ya Jamii katika manispaa ataeleza ni sheria ipi inakihusu, na kama ni ile ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema, ila huwapa watu mahali pa kushitaki wakidhulumiwa.

Makosa, siri, na kumwachisha mtu

Aingiaye nyumbani mwa watu huona mengi: umaskini, ugonjwa, ugomvi wa watoto juu ya kiwanja. Hayo yakitoka nje, mzee hudhalilika mbele ya mtaa mzima, naye hatafungua mlango tena. Kila mtu aahidi kwa mdomo na kwa maandishi kwamba ya ndani atayaacha ndani. Isipokuwa akiona mtu anapigwa, ananyimwa chakula, au anatishwa. Hapo kunyamaza ni dhambi, na habari ipelekwe kwa msimamizi siku ile ile, na kwa serikali ya mtaa au polisi ikihitajika.

Mtu akikosa, msimamizi aseme naye peke yake, upesi, na kwa jambo lenyewe: "Ijumaa mbili hukwenda, wala hukusema." Asimseme mkutanoni, wala asimvumilie miezi sita kisha akalipuka. Akirudia, apewe kazi nyingine inayomfaa zaidi, maana huenda yeye si wa kutazama wagonjwa bali ni wa kuezeka paa. Lakini aliyeiba, aliyepiga, au aliyemgusa mtoto kwa nia mbaya, huyo hana kazi nyingine ya kupewa. Aondoke siku hiyo, na vyombo vya sheria viambiwe. Wengine huona haya kumfukuza mtu anayefanya kazi bure. Sisi twasema: bure yake haikununui heshima ya mzee.

Mpaka wa kujitolea

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wenye vyama hawapendi kulisikia. Kujitolea kuna mpaka wake. Mama akitumika siku tano kwa juma, tangu asubuhi hata jioni, mwaka baada ya mwaka, huyo hajitolei tena. Ameajiriwa bila mshahara. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi": kwako wewe mwenye kupanga, kazi yake yaonekana nyepesi, kwa kuwa si wewe unayeibeba.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya wahudumu wa afya wa jamii, likashauri kwamba walipwe kwa kadiri ya kazi wanayoifanya, na kwamba nchi zisitegemee kazi ya bure tu. Mwezi wa Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka mitano. Hizo ni dalili kwamba mambo yameanza kueleweka. Chama kidogo cha Malangali hakiwezi kulipa mishahara, twajua. Lakini chaweza kuhesabu saa. Kazi ya mtu mmoja ikizidi saa sita au nane kwa juma, igawanywe kwa wawili. Ikiwa haiwezi kugawanywa, chama kitafute posho au kiiombe serikali ya kata ishike kazi hiyo. Kuendelea kumsifu mtu huku akiishiwa ni ukatili uliovaa nguo za heshima.

Shukrani na kuagana

Muda ulioandikwa ukiisha, mwambieni mtu, "Miezi yako mitatu imekwisha. Wataka kupumzika, au wataka kuendelea?" Msimwachie yeye aanze kusema, maana mwungwana huona aibu kuomba ruhusa ya kuacha mema, mwisho wake hutoroka, na akitoroka hukwepa hata salamu zenu njiani. Anayeagwa vizuri hurudi mwaka ufuatao, au hukuletea ndugu yake.

Shukrani isiwe ya mkumbo. "Twawashukuruni nyote" haimfikii mtu. Semeni: "Fulani alikwenda Ijumaa zote kumi na mbili, hata siku ile ya mvua kubwa." Kisha kuleni pamoja. Ni desturi ya shamba hiyo. Jembe likiwekwa chini, chungu huteremshwa mekoni.

Wasikilizaji wetu, mtapenda kujua habari za bibi yule. Tulirudi kwanza kwa jirani, tukaomba radhi, tukamwuliza kama mtoto aweza kuendelea. Mtoto akakubali kwa furaha, ila alisema Jumanne na Ijumaa hawezi, kwa ajili ya masomo. Basi siku hizo mbili tukazichukua sisi, watu wawili wawili, kwa daftari lililotundikwa kwa kamba nyuma ya mlango. Bibi hakujua kusoma, lakini kila ajaye alimwambia, "Andika jina lako, nami nikuone ukiandika." Yeye mwenyewe akawa msimamizi wetu, na hatukupata kuwa na msimamizi mkali kumpita yeye.

Nanyi mnaotaka kuanzisha chama, huko Malangali au penginepo, usiku wa leo chukueni karatasi na kalamu. Andikeni kazi moja, ya mtu mmoja, katika mistari minne. Kisha kesho mwendeeni mtu mmoja nyumbani kwake. Kwaherini.